Karantini ya Kijiji Ianzie Bombani

Amri ya "kaeni nyumbani" inamfaa mtu mwenye bomba jikoni. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba COVID-19 imekuwa janga la dunia nzima, amri hiyo ilifika haraka hata kwenye vijiji ambako maji yote ya nyumbani hubebwa kichwani. Huko mama anayetoka na dumu alfajiri hafanyi ukaidi, maana bila dumu hilo hakuna kupika, kuosha watoto wala kunawa mikono kama anavyohimizwa kila saa redioni. Kwa maoni yangu, kijiji kinachofungiwa kipange maji kabla ya kuweka vizuizi barabarani na kabla ya kumtuma mgambo kukagua barakoa. Foleni ya maji ikiachwa ijiendee, hayo mengine hayatasaidia sana.

Tupige hesabu. Kiwango cha chini kinachotumika kwenye misaada ya dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu 6 inahitaji lita 90, yaani madumu manne na nusu ya lita 20. Sasa ongeza kunawa: kila mtu mara 10 kwa siku, nusu lita kila mara, ni lita 30 zaidi. Jumla inakuwa madumu 6. Pampu ya mkono iliyo nzima hutoa takriban lita 17 kwa dakika, kwa hiyo ukihesabu na muda wa kuondoa dumu moja na kuweka jingine, kila dumu lichukulie dakika 2. Familia moja ni dakika 12. Kijiji chenye kaya 60 na pampu moja kinahitaji dakika 720, ambazo ni saa 12 kamili, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, pampu haijapumzika hata dakika moja.

Sasa itoke amri kwamba watu waruhusiwe kutoka kwa muda wa saa 6 tu kwa siku. Kiu haipungui kwa amri. Watu walewale wa saa 12 watabanana kwenye saa 6, na nusu yao watarudi na madumu matupu au wataenda kuchota mtoni. Hapo amri iliyokusudiwa kutawanya watu imewakusanya, na wanaoishia kunywa maji ya mto wataanza kuharisha. Ndiyo maana viongozi wa kijiji wanapaswa kudai mapema, na kwa maandishi, kwamba kuchota maji kusihesabiwe ndani ya saa za kutotoka nje.

Dawa yake ni zamu. Kaya tano kila saa, kwa mpangilio wa nyumba zilivyofuatana, na orodha ibandikwe pampuni na kusomwa kwa sauti kwa wasiojua kusoma. Makosa hujitokeza palepale. La kwanza ni kupanga zamu kwa kaya bila kuhesabu vichwa, nyumba ya watu 11 ikapewa dakika zilezile za bibi anayeishi peke yake. La pili ni kusahau mifugo. Wenye mifugo wapewe saa yao mwishoni, tena wanyweshee mbali na pampu, kwenye hori. La tatu ni kukazia saa pale ambapo wengi hawana saa. Hapo tumia njia rahisi: kaya inayomaliza inapita kuigongea inayofuata, ikisimama nje ya ua.

Mistari ya chokaa peke yake haitoshi, kwa sababu ya kivuli. Jua likipanda, watu wote wa foleni huhamia chini ya mti mmoja, bega kwa bega, wakiongea, na kirusi cha COVID-19 huenea zaidi kwa hewa tunayopumua kuliko kwa kushika vitu. Basi madumu ndiyo yapange foleni. Dumu lishike nafasi ya mwenyewe, yeye akae kwenye kivuli kingine, angalau hatua mbili kutoka kwa mwenzake, barakoa ikiwa imefunika na pua.

Mpini wa pampu nao usipuuzwe, ila usitutie hofu kupita kiasi. Anayefika anawe kabla ya kuushika, na anawe tena akimaliza. Sabuni ya kipande iliyoachwa pale haimalizi siku: inadondoka mchangani, inayeyuka kwa mvua au inaondoka na mtu. Ni bora kuchanganya gramu 30 za sabuni ya unga kwenye chupa ya lita moja na nusu ya maji, kutoboa kifuniko tundu dogo, kisha kuifunga chupa kwa kamba kwenye nguzo. Mtu huibinya kidogo tu, anasugua kwa sekunde 20, viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha, halafu anasuuza.

Maji ya kusuuza yatoke kwenye kibuyu chirizi, yaani dumu lililoning'inizwa ambalo huinama na kumwaga maji ukikanyaga kijiti, bila kulishika. Chimbia miti miwili yenye panda, umbali wa mita moja, nusu mita kwenda chini ili isiyumbe. Lala ufito juu yake na uning'inize dumu la lita 5. Tundu litobolewe kwa msumari uliopashwa moto, upande wa mbele, sentimita 10 au zaidi chini ya mdomo. Kamba ifungwe shingoni mwa dumu na ishuke hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Tundu likikaa juu sana, maji yanabaki ndani hata ukikanyaga mpaka mwisho. Likikaa chini sana, dumu linavuja lenyewe kabla ya kukanyagwa. Likiwa kubwa kuliko msumari wa kawaida, lita 5 zinaisha baada ya watu wachache. Chini mwaga kokoto, la sivyo kwa siku mbili ni tope na watu wanaacha kunawa. Na kila siku awepo mtu mmoja anayejulikana kwa jina wa kukijaza, kwani kikiachiwa "sote" hukauka kabla ya mchana.

Kuhusu kupuliza klorini njiani au juu ya watu, tuache kabisa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2020 kwamba haisaidii na inaweza kudhuru macho na mapafu. Klorini hiyo ina kazi nyingine: mililita 20 za dawa ya asilimia 5 katika mililita 980 za maji, kwa kufutia mpini uliokwisha kusafishwa kwa sabuni. Ichanganywe upya kila siku, maana jua huidhoofisha.

Nyumba yenye mgonjwa haipaswi kufika pampuni hata kidogo, na haipaswi kukosa maji. Jirani mmoja apewe kazi hiyo. Madumu ya nyumba ile yafungwe kitambaa chekundu, matupu yaachwe mpakani mwa ua yakiwa yameoshwa mpini na sabuni, jirani ayachukue, ayajaze, ayarudishe palepale, anawe. Wasikutane. Utaratibu huohuo uwabebee dawa wenye presha, kisukari au VVU: kliniki iombwe kutoa dozi ya miezi mitatu badala ya mmoja, na mfuko ufungwe ili mbebaji asione kilichomo.

Mwisho ni pampu yenyewe, inayofanya kazi saa 12 mfululizo wakati fundi amezuiwa kusafiri. Asubuhi ukipiga mpini mara nyingi ndipo maji yatoke, basi vali ya chini, ile inayozuia maji kurudi kisimani, inavuja na maji yameshuka usiku. Ukiona maji yanatoka membamba huku mpini ukiwa mwepesi, mipira ya ndani imelika. Mipira ya akiba inunuliwe barabara zikiwa bado wazi, na spana na vipuri vitunzwe na watu wawili wa nyumba mbili tofauti waliokwisha kufundishwa kuvifunga, maana mmoja wao anaweza kuugua.