Tusikilize na kilicho chini ya maneno

Muulize msikilizaji wa Kiswahili albamu mpya ikoje, atakupa mashairi yake: nani kapigwa kijembe, nani kasifiwa, ubeti gani umekaa. Ndivyo tulivyolelewa. Taarab ilitufunza kutega sikio kwenye fumbo, dansi ikatusimulia visa virefu, bongo fleva ikaja na mistari. Malezi hayo ni mazuri na sitaki tuyaache. Ila yanatukosesha muziki mwingi, maana albamu isiyo na mwimbaji, au yenye lugha tusiyoijua, tunaizima kwenye wimbo wa pili na kuiita kelele. Kwa maoni yangu, mara nyingi sikio limekosa tu pa kushika.

Tuanze na ya nyumbani. Singeli wengi wetu tunaijua kupitia MC. Sasa ichukue Mr Mixondo ya DJ Travella wa Dar es Salaam, iliyotolewa mwaka 2022 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Humo midundo ndiyo inayozungumza. Singeli huvuka mapigo 200 kwa dakika bila taabu. Tuseme ni 240: hayo ni mapigo manne kila sekunde. Ukitaka kufuata kila pigo kwa mguu, mguu unachoka, akili inachoka nao, na unaona vurugu tupu. Gonga kidole kila pigo la nne. Sasa unagonga mara 60 kwa dakika, mwendo wa saa ya ukutani, na vilivyokuwa vinakimbia vinaanza kuonekana: kipande cha kinanda kinarudi, kinakatwa katikati, kinarudi tena kimeongezewa kitu. Shika hapo. Jiulize kinachorudi ni kipi, na kila kikirudi kimebadilika nini. Kidole kikipotea usirudishe wimbo nyuma. Acha mdundo ukatike, uingie upya unaporejea.

Kwa kundi la Konono Nº1 la Kinshasa, wengi hudhani faili limeharibika. Halijaharibika. Congotronics, albamu yao ya katikati ya miaka ya 2000, imejengwa juu ya likembe, vyombo vya vibamba vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ndugu wa ilimba ya Wagogo, zilizofungwa vinasa sauti vya kujitengenezea kwa sumaku za vipuri vya magari. Mkwaruzo unatoka kwenye vyombo hivyo, nao wenyewe wakaufanya kuwa sehemu ya sauti yao. Likembe ziko tatu, ya juu, ya kati na ya besi. Fuata ya besi peke yake kwa dakika tano za mwanzo, hizo mbili nyingine zitakuja zenyewe.

Hapo ndipo linapokuja suala la vifaa, na nitalisema kwa ukali kidogo: kuihukumu albamu kupitia spika ya simu ni kuionea. Chini ya hezi 200, yaani mitetemo 200 kwa sekunde, spika nyingi za simu hazitoi kitu cha maana, na ngoma ya besi ya gqom, muziki wa dansi wa Durban, Afrika Kusini, inaishi humo chini. Muziki huo hauna pigo la besi linalokwenda sawasawa kama la hausi. Besi inajikwaa, inaruka, na huko kujikwaa ndio muziki wenyewe. Ukiiondoa, unabaki na makofi na vipande vya sauti za watu.

Spika za masikioni za bei ndogo zinatosha kabisa, mradi zizibe tundu la sikio. Kipimo chake ni rahisi: wimbo ukiwa unaendelea, zibonyeze kidogo kwa kidole. Besi ikiongezeka ghafla, mpira wake ni mdogo kwa sikio lako. Weka ule mkubwa uliokuja kwenye boksi. Zima kiongeza besi cha simu, na zima uchezaji wa kuchanganya nyimbo, kwa sababu mpangilio wa albamu ni kazi ya mtu.

Kisha Bali, kisiwa cha Indonesia, kwenye gamelani, muziki wa kundi la vyombo vya shaba vya kugongwa. Dewa Alit na kundi lake la Gamelan Salukat walitoa Genetic mwaka 2020, vyombo vya shaba, hakuna neno. Sikio la kwanza litasema vyombo vimepotea tuni. Kumbe huko Bali vyombo hutengenezwa viwili viwili, na kimoja hupandishwa kidogo makusudi kuliko mwenzake. Kimoja kikilia kwa hezi 200 na kingine 207, ukivipiga pamoja unasikia mtetemo wa mara saba kwa sekunde. Wenyewe huuita ombak, yaani wimbi. Usikilize kwenye mlio mmoja mrefu, pale wengine wanaponyamaza: sauti inapepea. Kwao vyombo viwili vilivyolingana kabisa vina sauti iliyokufa.

Muziki wa shaba ndio unaoumia zaidi faili likibanwa. Albamu ya dakika 40 kwa kbps 96 (kilobiti kwa sekunde) inakula MB 29 hivi, kwa kbps 320 inakula MB 96. Kwa sauti ya gitaa na mwimbaji, tofauti hiyo unaweza kuivumilia. Kwa gamelani, ile ndogo inageuza mng'ao wa shaba kuwa mchakacho kama wa maji. Pakua ile kubwa ukipata waifai, usiitiririshe kwa bando.

Sauti usiipandishe ili "uelewe". Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwenye daladala watu hukipita kwa sababu ya kushindana na injini. Albamu ngumu isikilizwe nyumbani, mara tatu, siku tatu tofauti, mara ya kwanza bila kutoa hukumu yoyote.

Ukimaliza, rudi kwenye taarab uliyoizoea, tuseme ya Culture Musical Club ya Zanzibar. Safari hii mwache mwimbaji, ufuate ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi. Angalia inafanya nini pale anapovuta pumzi kati ya mstari na mstari.