Bingwa wa Raskazone Alipopanda Materuni

Semina yetu ya siku nne mjini Moshi ilimalizika Ijumaa jioni, na kwa kuwa basi la kuturudisha Tanga lilikuwa la Jumapili alfajiri, wenzangu wa ofisini walikubaliana kwamba Jumamosi asubuhi tuchange fedha, tukodi gari na mwongozaji, twende Materuni tukayaone maporomoko ya maji, tuogelee katika bwawa lililo chini yake, tunywe kahawa, kisha turudi mjini tukiwahi chakula cha mchana. Ilikuwa safari ya nusu siku tu. Mtu mwenye busara angelipa mchango wake akanyamaza. Mimi, wakati wa chakula cha usiku, nilisimama na kijiko mkononi nikawaeleza watu kumi, wengi wao wazaliwa wa bara, kwamba nimekulia Raskazone, kwetu Tanga, kando ya bahari, na kwamba kabla sijajua kusoma nilikuwa nimeshajua kupiga mbizi. Mmoja wao aliponiuliza kama sijasikia kuwa maji ya mlimani yana baridi kali, nilimjibu kwa sauti iliyofika hadi meza za jirani: "Maji ni maji."

Mwongozaji wetu, kijana mwenyeji wa Uru, alikuwa ametutumia ujumbe mapema akitutaka tuvae viatu vyenye meno, tuchukue nguo za kuogelea, taulo na nguo za kubadili. Niliusoma ujumbe huo kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa ya mgonjwa mwingine. Asubuhi nilivaa suruali yangu ya semina, ya kitambaa cha kijivu, yenye mkunjo wa pasi unaoweza kukata mkate, pamoja na viatu vya ngozi, kwa imani kwamba gari litatufikisha majini. Ndani nilivaa bukta, na habari za bukta hiyo tutazifikia.

Materuni iko Uru Mashariki, katika mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, na ingawa si mbali na mji wa Moshi, barabara inapanda kiasi kwamba jasho ulilotoka nalo mjini hukukaukia mwilini kabla hujafika. Migomba inaufunika mlima pande zote mbili, na chini ya migomba kuna mibuni, na chini ya mibuni kuna magimbi, kila kaya katika kihamba chake, yaani shamba lake la nyumbani. Gari lilisimama kijijini, karibu na ofisi ambako wageni huandika majina kitabuni na kulipa ada. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba sehemu iliyobaki ni ya miguu. Mwongozaji akatugawia fimbo za kutembelea. Niliikataa ya kwangu, nikasema fimbo ni za wazee.

Kijana huyo alikuwa hodari wa kazi yake, na laiti ningemsikiliza kwa masikio yote mawili ningekuwa na kisa kifupi zaidi cha kusimulia. Alituonyesha mifongo, yaani ile mifereji ambayo Wachaga waliichimba tangu zamani kuyatoa maji kwenye mito ya mlimani na kuyazungusha hadi vihambani. Alitueleza jinsi wakulima wa kahawa wa mlima huu walivyojiunga na kuunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Kisha akasimama kwenye uzio wa mimea yenye majani marefu membamba, akasema hayo ni masale, ambayo hupandwa kuonyesha mipaka, na kwamba katika mila zao mtu aliyemkosea mwenzake akimpelekea jani la isale kuomba radhi, mwenzake hana budi kusamehe. Nilitikisa kichwa kwa adabu. Nilikuwa nashughulika na viatu vyangu, ambavyo kila hatua tatu vilikuwa vinakwenda njia yao.

Nyuma yangu alitembea Mama Mhasibu, mtu wa Pemba, aliyebakiza miaka miwili kustaafu, ambaye tangu mwanzo alitangaza kwamba anakwenda kuyatazama maji, si kuyagusa. Alikuwa na mkoba, chupa ya chai, kanga moja mabegani na mwenziwe wa doti ile ile akiwa amefungwa kwenye mfuko wa plastiki. "Mwanangu," aliniambia mara ya pili nilipoteleza, "chukua fimbo yangu." Nikamjibu kwamba nipo salama.

Karibu na maporomoko njia inashuka ghafla, na udongo mwekundu ulioloweshwa na manyunyu huwa laini kama sabuni iliyosahauliwa majini. Nilishuka hatua mbili kwa miguu na zilizobaki kwa makalio. Katikati ya safari hiyo kisiki kidogo kilinishika kwa nyuma, nikasikia sauti ile ya muuza vitambaa anapochana mita mbili za marikani. Nilipopeleka mkono kupima hasara, niligundua kwamba suruali ilikuwa imefunguka kuanzia mkanda hadi karibu na goti. Kwa bahati nilikuwa nimeporomoka na kuwatangulia wote, kwa hiyo waliona uso wangu tu, nami nikahakikisha kwamba wataendelea kuuona uso wangu tu.

Maporomoko ya Materuni, yanayotajwa kuwa na urefu wa mita 80 hivi, ni jambo la kutisha na kupendeza kwa pamoja. Maji yanashuka juu ya jabali jeusi yakiwa meupe kama pamba inayochambuliwa, yakifika chini yanasukuma upepo wenye manyunyu unaompiga mtu usoni hata kabla hajafika ukingoni, na ili mwenzako akusikie ni lazima upaze sauti. Chini yake liko bwawa lililozungukwa na mawe makubwa, kina chake kando ni cha magotini, na mbele yake rangi inageuka ikawa ya giza. Kila mtu alikuwa akipiga picha. Mimi nilikuwa nimeupa mgongo mwamba, nimeung'ang'ania kama mjusi kafiri kwenye dari, nikitabasamu.

Mwongozaji alitukusanya akatuonya kwamba mtu asijitupe majini. Alitaka kila mmoja aanze kwa kunawa uso, ajimwagie maji shingoni na kifuani, kisha aingie polepole, kwa sababu mwili ukikutana ghafla na maji ya baridi namna ile hushtuka na kuvuta pumzi wenyewe bila kumwomba ruhusa mwenye mwili, na ole wake ambaye wakati huo mdomo wake uko chini ya maji. Maneno hayo niliyasikia yote. Lakini mtu mmoja alikuwa ameanza kuita, "Bingwa! Bingwa wa Raskazone!" na wengine wakaitikia kwa makofi, na mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu kwamba mahali pekee pa kuificha suruali ile ni ndani ya maji. Nikavua shati na viatu, nikatembea kinyumenyume hadi kwenye jiwe lililokuwa juu ya sehemu ya giza, nikawapungia mkono, nikajitupa chubwi.

Nimewahi kuchomwa na mwiba wa yule mdudu mweusi wa mwambani tunayemwita fuma, na nimewahi kung'olewa jino kwa ganzi iliyokuwa imekwisha nguvu. Hayo yote ni mambo madogo. Maji yale hayakuwa na baridi. Yalikuwa na ugomvi. Kifua kilijifunga kama daftari la hesabu mwisho wa mwaka, miguu ikasahau mafunzo yote ya utotoni, na mapafu yakavuta kwa nguvu kitu ambacho kwa bahati mbaya hakikuwa hewa. Hapo hapo nikakumbana na jambo la pili ambalo mtu wa pwani huwa halifikirii: bahari ina chumvi, na chumvi humbeba mtu. Kwetu ukilala juu ya maji yanakushika kama mkeka. Maji yale matamu ya mlimani hayakuniona kuwa nastahili kubebwa, nikashuka chini zaidi ya nilivyokuwa nimepanga.

Nilipoibuka nilitoa sauti. Wenzangu mpaka leo hawajakubaliana ilikuwa sauti ya nini. Katibu muhtasi anasema ni ya mbuzi, dereva anasema ni ya breki za lori la mchanga. Ninachojua ni kwamba nilirusha mikono na miguu kwa nguvu zote, na kwamba Mama Mhasibu alikuwa amekaa kwenye jiwe la karibu kabisa, kikombe cha chai mkononi, miwani usoni. Wimbi la kwanza lilichukua chai. La pili lilichukua heshima yote iliyokuwa baina yetu kwa miaka kumi na mmoja. Mwongozaji aliingia hadi kiunoni akaninyooshea fimbo, ile ile niliyoikataa kijijini, akasema, "Shika hapa, mzee." Asubuhi alikuwa akiniita kaka.

Nikaishika. Nikapanda mwambani kwa mikono na magoti, nikishukuru Mungu kwa pumzi, na katika shukrani hizo nikasahau kwamba umati wote uko nyuma yangu. Kelele zikakoma ghafla. Kwa muda nilisikia maporomoko peke yake. Kisha mtu mmoja akasema taratibu, kama aliyegundua wizi: "Kumbe ni Yanga."

Naomba nijitetee. Ofisi nzima inanijua kuwa ni mtu wa Simba. Kikombe changu cha chai ni chekundu na siku za mechi huwa navaa tai nyekundu. Bukta ile ya kijani na njano ilinunuliwa na mke wangu mnadani, tatu kwa bei ya mbili, bila kuzingatia itikadi. Nilijaribu kulieleza jambo hilo huku meno yakigongana, na haikusaidia. Watu ambao dakika moja kabla walikuwa tayari kunililia, sasa walikuwa wanadai maelezo.

Nilihitaji nguo, na nguo kavu ya ziada iliyotosha kumzunguka mtu wa kimo changu ilikuwa moja tu, ndani ya mfuko wa plastiki wa Mama Mhasibu, ambaye alikuwa akikamua mtandio wake bila kunitazama. Ndipo nilipokumbuka somo la njiani. Nikamnong'oneza mwongozaji, naye, kijana mwenye huruma, akapanda mbio hadi kwenye shamba la mwisho akarudi na jani la isale. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikamwendea yule mama kwa magoti, kwa sababu za adabu na pia za suruali. Alilitazama lile jani, akanitazama mimi. "Mimi mtu wa Pemba," akasema, "jani hili kwetu halina kazi." Akanyamaza muda uliotosha kunitetemesha zaidi. "Lakini kijana wa watu kalikimbilia. Chukua."

Mtu wa pwani hafundishwi kujifunga nguo kiunoni. Niliifunga kanga ile kama ninavyofunga kikoi changu nyumbani, nikapiga fundo, nikaanza kupanda nikiwa wa kwanza, na nyuma yangu wakaanza kucheka upya. Nilikuwa nimesahau kwamba kikoi hakina maneno, na kanga ina jina, na jina lake hukaa chini katikati, mahali ambapo kwa aliyejifunga kama mimi huangukia sehemu anayokalia. Kanga ya Mama Mhasibu iliandikwa kwa herufi kubwa: NILIKUDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU. Niliizungusha maneno yaje mbele, lakini nikatambua kwamba hivyo kila nitakayekutana naye atayasoma akiwa ananitazama machoni. Nikayarudisha nyuma. Afadhali wasome nikiwa nimeshapita.

Kijijini tulikutana na wanawake waliobeba majani ya ng'ombe kichwani. Walinisalimu vizuri, nikawapita, na baada ya hatua nne nikasikia mizigo ikitupwa chini ili watu wapate nafasi ya kucheka. Tukafika mahali palipokuwa na watoto. Mmoja, wa umri wa miaka saba hivi, alikuwa kwenye raha ile ya mtoto aliyejua kusoma juzi na sasa anasoma kila kitu, akanifuata kwa karibu sana, kidole mbele: "Ni-li-ku-dha-ni... dha-ha-bu..." Nikaongeza mwendo. Naye akaongeza. "Ku-mbe..." Hapo akakwama, kwa sababu mkunjo wa kanga ulikuwa umelimeza neno la mwisho, akaniita kwa heshima kubwa: "Shikamoo babu, simama kidogo nimalize."

Nilisimama. Ningefanyaje?

Shughuli ya kahawa sitaisimulia yote. Buni hutwangwa kinuni kutoa ganda, hupepetwa, hukaangwa chunguni juu ya kuni hadi zikawa nyeusi zinazong'aa, kisha hutwangwa tena huku watu wakiimba na kupiga makofi, na mila ni kwamba kila mgeni ashike mchi zamu yake. Kutwanga kunahitaji mikono miwili. Kanga nayo inahitaji angalau mmoja. Walikuwapo watalii wawili wazee, mtu na mkewe, ambao walimwuliza mwongozaji maana ya maandishi yale, naye akawaeleza kwa Kiingereza kwa kirefu kuliko nilivyoona inahitajika, akitumia mkono kuonyesha maporomoko, kisha mimi, kisha chai kumwagika. Waliomba kupiga picha nami. Nilikubali, kwa kuwa sikuwa tena na kitu cha kupoteza. Kahawa ilikuwa tamu mno, na ilikuwa kitu cha kwanza siku ile kilichonipasha joto.

Jumapili jioni nilifika nyumbani Tanga nikalala. Nilizinduliwa na mke wangu, aliyekuwa akifungua begi langu atoe nguo za kufua, na ambaye sasa alikuwa amesimama mlangoni, kanga ya mwanamke mwingine imekunjuliwa mikononi mwake, akiyasoma maneno yake kwa sauti, polepole kama yule mtoto, isipokuwa hakukwama mahali. Nilimweleza kila kitu. Hakuamini. Akampigia simu Mama Mhasibu, wakazungumza kwa dakika arobaini, na katika dakika hizo mke wangu alikaa sakafuni mara mbili, akijifuta machozi, huku akiniomba radhi kwa mkono kwamba nisubiri bado hajamaliza.

Mama Mhasibu alikataa kurudishiwa kanga, akasema imeshapata mwenyewe. Mke wangu aliifua, akaipiga pasi, akaitunza upande wake wa kabati. Wageni wanapokuja, nami nikianza kugusia Raskazone na utoto wangu baharini, huwa haniingilii wala hanikatizi. Huinuka tu taratibu, akaingia chumbani, akatoka ameivaa, akapita katikati yetu kwenda kuchukua chai.