Sugimoto: Kamera Ilitosha, au Sanamu Zimemkuza?

Hiroshi Sugimoto alizaliwa Tokyo mwaka 1948, akasomea upigaji picha Los Angeles, kisha mwaka 1974 akahamia New York. Kwa miaka mingi alijulikana kwa kamera tu. Siku hizi anatengeneza sanamu na kubuni majengo, na wafuatiliaji wake wamegawanyika. Wapo wanaosema amepevuka. Wengine wanaona ameacha mbachao kwa msala upitao.

Tuanze na mbachao wenyewe. Katika Makumbusho ya Historia ya Asili ya Marekani, jijini New York, wanyama waliokaushwa wamesimamishwa mbele ya mandhari ya kuchorwa. Sugimoto aligundua kwamba ukifumba jicho moja, mnyama anaonekana hai. Mwaka 1976 akampiga picha dubu mweupe wa barafuni akiwa amesimama juu ya sili, mnyama wa baharini, na mpaka leo mtu asiyeambiwa huamini mpiga picha alifika huko kwenye theluji. Miaka hiyohiyo akaanza kazi yake kwenye kumbi za sinema: filamu ikianza, anafungua lenzi, ikiisha, anaifunga. Mapenzi, risasi na vilio vyote vinageuka mstatili mweupe unaong'aa, na mwanga huohuo ndio unaomulika viti vitupu na nakshi za ukutani. Muda mzima wa filamu umo ndani ya picha moja. Kwangu mimi, hapo ndipo alipofika kileleni.

Wanaomlaumu husema alijirudia mno. Tangu 1980 amekuwa akipiga bahari baada ya bahari, nusu maji na nusu anga, bila mtu wala chombo. Ukizitazama kwenye simu, lawama hiyo inaingia akilini. Lakini kamera yake ni ile kubwa ya mbao, na kwenye picha iliyosafishwa kwa ukubwa wake unaona kila kiwimbi. Ukiweka mbili ubavu kwa ubavu, tofauti zinaanza kujitokeza zenyewe.

Sanamu zina hoja ngumu zaidi. Mwaka 2004 alipiga picha maumbo ya plasta ya Chuo Kikuu cha Tokyo, yaliyotengenezwa zamani kufundishia hesabu. Baadaye akaziingiza kanuni za hesabu kwenye alumini na chuma kwa mashine za usahihi mkubwa. Kwenye kisiwa cha Yerba Buena, San Francisco, tangu 2023 imesimama sanamu yake moja ya takriban mita 21, inayosinyaa kuelekea juu hadi kuwa ncha. Wanaomtetea wanasema amelipatia wazo la kutokuwa na mwisho umbo ambalo mkono mtupu usingeliweza. Ni kweli, na sanamu inapendeza. Ila plasta zile kuukuu zilikuwa na umri wake. Chuma hiki hakina, na hata mhandisi hodari angeweza kukitia sahihi yake.

Hata hivyo, Enoura inanizuia kukubaliana na wakosoaji moja kwa moja. Hapo, kwenye mlima unaotazama Ghuba ya Sagami mjini Odawara, Japani, alifungua eneo lake la sanaa mwaka 2017. Ukumbi wa mita 100 umeelekezwa jua linapochomoza siku iliyo ndefu kuliko zote mwakani, na handaki la chuma la mita 70 limeelekezwa jua la siku iliyo fupi kuliko zote. Jengo linafanya kazi ya kamera, linasubiri mwanga wake kwa mwaka mzima. Akijenga hivi, sina ugomvi naye. Minara ya chuma iliyong'arishwa angewaachia wengine.