Kazi ipo, malipo yapitie wapi?

Makala moja niliyoisoma kuhusu ajira kwa wakimbizi inasema kazi za mtandaoni zinamfaa mkimbizi kwa sababu hazimlazimu kutoka kambini. Ni kweli, na imenifurahisha. Ila suala la malipo limepitiwa juu juu, na hapo ndipo watu wanapokwama. Mtu anajifunza kutafsiri au kuchambua data za kufundishia akili mnemba (AI), anaimaliza kazi vizuri, kisha ili alipwe anadaiwa kitambulisho, na mara nyingi cha ukimbizi hakitambuliwi. Akaunti yake ya malipo inafungwa, jasho lake linabaki humo humo. Wengine huazima akaunti ya mtu, naye hukata anachotaka. Utamshtaki wapi?

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unayagusa haya: kifungu cha 17 ni ajira, cha 18 kujiajiri, cha 27 hati za utambulisho. Lakini nchi kadhaa zilijiunga kwa kuweka masharti kwenye hicho cha 17, yaani hazikukubali kufungwa nacho chote, na wakati ule nani angewaza mwajiri asiye na ofisi nchini? Umeme na intaneti navyo ni shida, sikatai. Hata hivyo, wafadhili wanaoongeza kozi za kompyuta kila mwaka waketi kwanza na benki, tafadhali.