Finley hakuondoka Marekani kwa hiari

Mwandishi wa makala yenu amemsifu Moses Finley, mwanahistoria wa Ugiriki na Roma ya kale, kama "profesa wa Cambridge aliyezaliwa New York", kisha akaruka miaka yote ya katikati. Hapo ndipo penye kisa chenyewe, ndugu mhariri.

Mwaka 1952 Finley aliitwa mbele ya kamati ndogo ya Seneti iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti. Alisema yeye si mwanachama, lakini alipoulizwa kama aliwahi kuwa, akakataa kujibu, haki aliyopewa na katiba yao. Chuo Kikuu cha Rutgers, alikokuwa akifundisha, kilimfukuza mwisho wa mwaka huohuo. Kitabu chake kuhusu ulimwengu wa Odysseus, shujaa wa tenzi za kale za Kigiriki, kilitoka 1954, karibu na wakati alipohamia Uingereza. Huko akapanda hadi uprofesa wa historia ya kale mwaka 1970, na 1979 akapewa cheo cha "Sir". Waliomfukuza sijui walijisikiaje!

Kingine: makala inasema alichunguza "uchumi wa kale", basi. Hoja yake ilikuwa kali kuliko hivyo. Alidai Wagiriki na Warumi hawakuendesha mali kwa hesabu za faida kama wafanyabiashara wa leo. Tajiri alinunua shamba kwa sababu ya heshima, na utumwa ulikuwa nguzo ya jamii zile. Wengi wamempinga tangu hapo, hasa wachimbuaji wa mambo ya kale wanaoonyesha mitungi ya mvinyo na mafuta iliyosafirishwa kwa wingi baharini. Mimi naona wapinzani wana hoja kuhusu biashara, ila kuhusu utumwa bado nasimama naye.