Tomato sosi iacheni kwenye chipsi

Wiki mbili zilizopita shoga yangu aliyeko Dar alinirushia picha WhatsApp. Sahani ya wali, juu yake nyama ya nguruwe nyekundu inayong'aa, ufuta umenyunyizwa, majani ya kitunguu yamekatwa mshazari kama ya mgahawani. Chini kaandika: "Jeyuk yako hiyo, dakika 20 tu!" Jeyuk ni nyama ya nguruwe ya pilipili inayokaangwa Kikorea. Nikasifia, maana jicho lilishiba. Kisha nikafanya kosa la kuuliza alitumia nini. Tomato sosi, akasema, pilipili kichaa ya unga, soya sosi na asali kidogo. Gochujang, kiungo chekundu cha Kikorea cha pilipili na soya iliyochachushwa, hakuipata. "Lakini si pilipili tu hiyo?"

Nikamwambia amepika rosti ya kitimoto, na rosti ya kitimoto ni chakula cha heshima, ila jeyuk siyo. Akanijibu, "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" na akaninunia siku nzima. Tumeshapatana. Lakini swali lake nimebaki nalo, kwa kuwa nakutana nalo kila ninapozungumza na wenzetu juu ya mapishi ya huku Korea: ukikosa hiki weka kile, ukikosa kile weka chochote ulicho nacho. Mimi si mlinzi wa mapishi ya watu. Jeyuk inabadilishika kwa namna nyingi, na Wakorea wenyewe wanaibadilisha kila siku. Ila kuna kopo moja, la gochujang, ambalo ukiliondoa, umeondoa chakula chenyewe.

Naishi Seoul, mwaka wa nne huu. Jeyuk bokkeum sikuijulia kwenye tamthilia. Niliijulia gisa sikdang, yaani mgahawa wa madereva, ambako wenye teksi wanaegesha, wanakula upesi na kuondoka. Ukiketi unaletewa sinia: bakuli la wali, supu, kimchi, vitoweo vidogo vitatu vinne, na katikati sahani ya jeyuk ingali ikifuka moshi. Mama anayehudumia huitwa imo. Maana yake ni dada wa mama, mkubwa au mdogo, na wateja humwita hivyo hata kama ndiyo kwanza wanamwona. Nilipoelewa neno hilo nilicheka peke yangu. Nimetoka nchi ya mama ntilie, nikaja kulishwa na mama mdogo.

Jina la chakula halina mbwembwe. Jeyuk ni neno lenye asili ya Kichina, yaani nyama ya nguruwe. Bokkeum ni kukaanga huku unageuza. Nguruwe wa kukaanga, basi. Pilipili haimo kwenye jina, na hata kwenye vyungu vya Korea ni mgeni kama ilivyo mgeni kwetu: asili yake Amerika, na meli za Wareno ndizo zilizoanza kuisambaza upande huu wa dunia. Msomi mmoja wa Korea, Yi Su-gwang, aliiandika mwaka 1614 kwa jina la haradali ya Wajapani. Akasema ina sumu kali, na kwamba vilabuni watu walikuwa wakiitia kwenye pombe na wanywaji wengi wakafa. Kila nikipita karibu na mgahawa wa madereva saa sita mchana namkumbuka huyo mzee.

Sasa tuje kwenye kopo. Gochujang si sosi ya pilipili. Ni unga wa pilipili uliochanganywa na mchele wa kunata, unga wa meju, kimea cha shayiri na chumvi, kisha ukaachwa uchache. Meju nayo ni soya iliyochemshwa, ikapondwa, ikafinyangwa kama matofali, ikaning'inizwa kwa kamba za mabua ya mpunga mpaka ikaota ukungu. Mchanganyiko huo hutiwa kwenye mitungi ya udongo inayoitwa onggi, ikapangwa uani penye jua, na humo unakaa miezi sita, mwaka, hata zaidi. Sunchang, kusini-magharibi mwa nchi, ni mahali ambapo ukipataja tu Mkorea anakumbuka gochujang. Na Desemba 2024 UNESCO iliingiza utengenezaji wa jang, yaani ukoo mzima wa viungo hivi vya soya iliyochachushwa, kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Kati ya vitu vinavyoingia kwenye gochujang, mimi jicho langu lilisimama kwenye kimea. Anayejua togwa anajua kinachofanyika: uji mzito usio na ladha unatiwa kimea, unalala, asubuhi unaamka mwepesi na mtamu bila chembe ya sukari, kwa kuwa kimea kimevunja wanga kuwa sukari. Ndani ya mtungi wa gochujang kazi ni hiyohiyo. Bibi yangu wa Rombo, aliyekuwa akipika mbege kwa kimea cha ulezi, angeielewa gochujang siku ya kwanza. Mimi ilinichukua mwaka mzima wa kusoma nyuma ya makopo.

Kwa hiyo utamu wake umekaa ndani kabisa, na chini ya utamu kuna ladha nzito ya soya iliyochacha, kama mchuzi wa nyama uliochemka muda mrefu. Tomato sosi ina sukari na siki. Ipeleke kwenye moto mkali: siki inapanda puani, sukari inaungua, na nyama inabaki imevaa koti jekundu lisilo na mtu ndani. Jeyuk inaiva kwa dakika 20 kwa sababu subira imeshafanywa na mtungi, zamani, uani kwa mtu mwingine. Nakiri gochujang ya kiwandani, ndiyo ninayonunua mimi, haikai muda wa ile ya mtungini, na nyingine imetiwa ngano na sharubati ya mahindi. Hata hivyo imechachushwa, na kazi inaifanya.

Nyama haina maneno mengi. Huku buchani ukisema tu jeyuk-yong, yaani "ya jeyuk", unapimiwa iliyokwisha kukatwa nyembamba. Wazee huagiza kwa geun, kipimo cha kale ambacho kwa nyama ni gramu 600 na kwa mboga ni gramu 400, usiniulize kwa nini. Mimi huchukua mkono wa mbele, ni rahisi na una mafuta kiasi. Siku ya mshahara nachukua shingo. Tumbo, lile wanalochoma mezani, silipendi hapa. Mafuta yake yanameza pilipili yote. Kama bucha yako haikati nyembamba, iweke nyama kwenye friza dakika 40 hivi ishike ugumu bila kuganda, kisha uikate mwenyewe kukingama na nyuzi, milimita tatu.

Na hapo ndipo penye ugomvi wangu wa pili, huu na Wakorea pamoja na sisi. Mapishi mengi ya huku yanakutaka ukande nyama na viungo vyote, uilaze hata usiku kucha. Kwetu nako wengi tumelelewa kuchemsha kitimoto kwanza, ndipo kikaangwe. Yote mawili naona yanatupotezea muda. Kipande cha milimita tatu hakihitaji kulazwa, na gochujang ikitangulia kwenye kikaango inaungua kabla nyama haijapata rangi. Kuhusu kuchemsha, sababu yake naiheshimu, tegu wa nguruwe si hadithi kwetu, na nguruwe asiyeiva haliwi. Lakini kipande chembamba kwenye chuma cha moto kinaiva mpaka ndani kwa dakika chache, na ukikikaanga kikiwa bado cheupe, bila sosi, unaona kwa macho yako kwamba hakuna uwaridi uliobaki. Ukishakipaka wekundu, utajuaje?

Basi kikaango kikubwa, moto mkali, mafuta kijiko kimoja. Nyama yote gramu 600 inaingia na kijiko cha chakula cha sukari. Iache. Huo ndio mtihani, kuiacha, maana mkono unawasha kukoroga. Itatoa maji kwanza, itachemka kidogo, kisha maji yatakauka na utaanza kusikia sauti ikibadilika, kutoka kuchemka kwenda kukaanga. Kingo zikiwa kahawia na nyama imeiva, tia kitunguu saumu kilichopondwa, kingi kuliko unavyodhani, na tangawizi kidogo. Sogeza nyama upande mmoja, soya sosi vijiko viwili uimwage kwenye chuma kitupu iungue kidogo; Wakorea wana neno la ladha hiyo, bulmat, ladha ya moto. Sasa punguza moto, tia gochujang vijiko viwili na gochugaru, yaani unga wa pilipili wa Kikorea, vijiko viwili, geuza. Kitunguu maji cha vipande vinene na majani ya kitunguu vinaingia mwishoni, dakika mbili, vibaki na uhai. Zima, kisha mafuta ya ufuta. Ukiyatia mapema harufu yake inapotea yote, na harufu ndiyo uliyoinunua.

Karoti, kabichi, uyoga, weka au acha. Kwa kabichi angalizo moja: inatoa maji, na jeyuk yenye maji ni supu iliyochanganyikiwa.

Gochugaru ni unga wa pilipili wenye chembe kubwa kidogo, mtamu kiasi, na ukali wake ni wa kistaarabu. Hapa shoga yangu alijiponza mara ya pili, maana pilipili kichaa ya kusaga si ndugu yake hata kidogo. Vijiko viwili vya kichaa kwenye kikaango ni kesi ya kupeleka polisi. Kwa gochugaru mbadala naruhusu, bila kinyongo: paprika vijiko viwili na ncha ya kijiko ya pilipili yako kali. Rangi unapata, ukali unaupima, na harufu haiko mbali. Hata huku wapishi wengi huhofia kuzidisha gochujang, kwa kuwa mdomoni inakuwa nzito kama uji uliokaa. Unga ndio unaoibeba pilipili, kopo linabeba ladha. Sukari tumia yoyote. Soya sosi ya duka la jirani inatosha. Wali wao unanata, wetu wa Kyela una harufu yake, na mbele ya Mkorea yeyote nitasema wa Kyela unaifaa jeyuk vilevile.

Tena isiliwe peke yake. Kitimoto kina kachumbari na limau, jeyuk ina majani. Unashika jani la saladi, juu yake jani la kkaennip kama unalo, ambalo ni la jamii ya mnaa lenye harufu kali, wali kidogo, kipande cha nyama, kitunguu saumu kibichi ukiwa jasiri. Unakunja, na inaingia mdomoni yote mara moja. Kung'ata nusu ni aibu, na pia ni kuchafua shati. Kwenye chumba changu, ambapo jiko na kitanda vinatazamana, huwa nafungua dirisha hata Januari ya baridi kali, la sivyo mto unanukia mgahawa wa madereva wiki nzima.

Wasiokula nguruwe nao hawajatupwa. Wakorea wana ojingeo bokkeum, mapishi yaleyale kwa ngisi, na mtu wa Pemba au Lamu ana ngisi bora kuliko ninayempata mimi hapa. Tofauti ni muda: ngisi dakika mbili tatu, ukizidisha unatafuna raba. Kuku wa mapaja asiye na mifupa naye anakubali. Ila soma maandishi ya kopo, kwa kuwa gochujang nyingi za dukani hutiwa pombe kidogo ili isiendelee kuchacha; zipo zenye alama ya halali, tafuta hizo.

Juzi shoga yangu kanitumia picha nyingine. Safari hii hakuna sahani, ni kopo jekundu mkononi, na chini yake malalamiko marefu kuhusu bei. Amezunguka maduka matatu. Kisha akauliza likishafunguliwa linakaa kabatini au kwenye friji. Friji, nikamwambia. Na usimruhusu mtoto alipake kwenye mkate.