Besiboli ya watoto Uganda: makundi ya umri yapangwe upya?

Mtoto wa miaka 9 akirushiwa mpira na mwenzake wa miaka 12 kutoka umbali wa mita 14, hajifunzi kupiga. Anajifunza kuukwepa. Lakini kanuni za Little League, shirika la Marekani ambalo timu zetu huwania mashindano yake, zinaruhusu wote wawili kucheza kundi moja, la miaka 9 hadi 12.

Wanaotaka makundi yagawanywe upya, 9–10 peke yao na 11–12 peke yao, hapo wana hoja nzito. Wana nyingine pia: mruko wa baada ya miaka 12. Mtoto aliyezoea besi, yaani vituo vya kukimbilia, zilizoachana mita 18 anahamishiwa uwanja wa mita 27, na mrushaji anasogezwa nyuma hadi mita 18 na ushei. Aliyekuwa nyota mwaka jana, leo mpira wake haufiki. Little League yenyewe ililiona hilo, na mwaka 2013 ikaanzisha kundi la kati la miaka 11 hadi 13, lenye uwanja wa vipimo vya katikati.

Upande wa pili unauliza: watoto wako wapi? Uwanjani wanahitajika 9. Shule yenye wachezaji 14 ukiigawa mara mbili, hubaki na timu hata moja. Halafu vifaa. Mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, anahitaji barakoa, kinga ya kifua na kinga za miguu, na mara nyingi seti ni moja tu. Mkubwa akiivua na mdogo akiivaa, kinga ya kifua inamfika mapajani. Mpigi kuna viwanja vya kweli vya besiboli, lakini shule nyingi hungoja wa kandanda wamalize.

Kwa idadi ya timu, nawaunga mkono hawa wa pili. Kwa vipimo, hapana. Besi ni gunia la mchanga, linasogezwa. Watoto wafanye mazoezi pamoja, ila siku ya mechi wadogo wacheze raundi zao wakirushiwa na wadogo wenzao, kisha kamba ya kupimia ivutwe, wakubwa waingie.

Ugomvi mwingine ni wa tarehe. Little League huhesabu umri kwa tarehe 31 Agosti. Mwaka wetu wa shule huanza Februari, kwa hiyo wanafunzi wawili wa darasa moja, mmoja kazaliwa 31 Agosti na mwenzake kesho yake, wanatengana. Wapo wanaopendelea Januari mosi. Sioni faida: bahati ya kuwa mkubwa kundini itawatoka wa Septemba iwaendee wa Januari, na timu ya kwenda nje bado itapangwa kwa Agosti. Kugawa kwa madarasa ndiyo hatari zaidi, maana P6, darasa la sita la msingi, ina wa miaka 11 na wa 14 waliokariri au kuchelewa kuanza.

Pingamizi linalonisumbua hasa ni vijeba, wachezaji waliozidi umri. Kila mpaka mpya wa umri ni mlango mpya wa kupunguza miaka. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda ukanda wao, wakanyimwa viza za Marekani kwa sababu ya utata wa taarifa za umri. Mwaka uliofuata Lugazi ndio waliokuwa wa kwanza kutoka Afrika kufika Williamsport, Marekani, kwenye fainali za dunia za Little League, wakawafunga wa jimbo la Oregon 3–2. Waliotangulia walibaki nyumbani, na miaka 12 hairudi.

Kwa hiyo kabla ya kuongeza makundi, umri uandikwe mapema. Wengi huja na kadi ya chanjo au ya ubatizo badala ya cheti cha kuzaliwa cha NIRA, mamlaka ya usajili ya Uganda. Ipokelewe, ila mtoto akiwa na miaka 7 au 8. Umri huo hakuna wa kumdanganyia, safari ya Marekani bado iko mbali. Tarehe hiyo ibaki kwenye daftari la ligi, na shule itakayoleta nyingine mtoto akifika 12 ijieleze kabla hajavaa jezi.